Pontien Kashindi, Fundi wa Uwanja wa Barafu Usiojengwa

Ndugu zetu, Mchungaji Salvator, majirani wa Glenwood hapa Durban, na nyote mliofunga saluni na maduka ya simu mkaja: leo ni Jumamosi, tarehe 11 Septemba 1999, na tuliyemleta hapa ni Pontien Kashindi. Maneno ni yangu mimi, Kidawa. Mwandiko ni wa Huguette, na anayewasomea ni yeye, maana mimi na herufi hatujawahi kujuana. Karatasi hii itapelekwa Bujumbura kwa mjane wake, Constance, ambaye mpaka asubuhi ya leo anakataa kwamba mumewe amekufa. Ana sababu, na sababu hiyo ni mimi. Mnanijua kwa kuongeza chumvi. Leo chumvi nimeiacha nyumbani, na tarehe zote nimemwambia Huguette aziandike kama zilivyo.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1951 Kalundu, penye bandari ya Uvira, mtoto wa tatu wa mzee Kashindi aliyekuwa akipima mizigo pale gatini. Barafu aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka sita. Kipande kilianguka kutoka kwenye lori la mfanyabiashara, akakiweka ndani ya shati akakimbia nacho nyumbani amwonyeshe mama yake. Mimi nikikisimulia kisa hiki huwa nasema kipande kilikuwa kikubwa kama mbuzi. Hapana. Kilikuwa kama ngumi, na alipofika nyumbani kilikuwa maji. Mama yake aliona shati na kaptula vimelowa, akamchapa kwa kujikojolea. "Yaya," aliniambia, "siku ile njo nilisema, iko siku nitaifundisha hii kitu kukaa."

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Uvira, akamaliza mwaka 1965. Akakaa nyumbani miaka sita kwa sababu ya vita na kwa sababu ya ufukara. Mwaka 1971 alipelekwa Bukavu, shule ya ufundi, akajifunza mitambo ya baridi, na mwezi wa saba mwaka 1973 alipewa cheti. Cheti hicho alisafiri nacho mpaka Durban kikiwa kimekunjwa ndani ya soksi. Nimekishika mimi mwenyewe. Kukisoma sikuweza, lakini muhuri niliuona, na harufu ya soksi niliisikia.

Alifanya kazi kiwanda cha bia Bukavu, chumba cha baridi, kisha akarudi Kalundu kwenye ghala la samaki. Tarehe 20 Desemba 1980, Jumamosi, alifunga ndoa na Constance. Mtoto wao wa pekee, Coletha, alizaliwa tarehe 3 Juni 1985. Mwezi wa kumi mwaka 1996 vita vilipoingia Uvira, Constance alikuwa amekwenda milimani na mtoto kumwangalia mama yake mgonjwa, na Pontien alikuwa ghalani. Watu walikimbilia kule njia ilikowapeleka. Yeye alivuka ziwa akafika kwetu Kigoma, akasubiri miezi miwili, hakuwaona. Akashuka kusini na wenzake mpaka akafika hapa Durban tarehe 9 Machi 1997. Kwa barua alikuja kujua kwamba mke na mtoto wamerudi Uvira, wako hai.

Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba ninayokaa, wanafunzi wakiwa mbele na muziki wao. Siku ya kwanza alinikuta jikoni akasema, "Yaya, iko maji ya moto?" Nikamgeukia: "Sikiliza wewe, mimi si yaya wa mtu. Nimelea wangu wakaisha." Akashangaa. Huguette ndiye aliyetupatanisha, akaeleza kwamba kwao Kongo yaya ni dada mkubwa, si mtumishi wa kulea watoto. Nikaona aibu, nikampa maji, nikampa na chai. Tangu hapo nikawa dada yake. Ndugu mwingine hapa Durban hakuwa naye. Jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi za nyuma, sahani moja mapajani, anakula taratibu kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize.

Kazi alipata bandarini, ghala la samaki waliogandishwa. Mchana kutwa yuko ndani ya baridi peke yake na samaki. Nilimuuliza anaongea na nani humo. "Na samaki, Yaya. Bananisikiliza muzuri, hakuna anayeniuliza karatasi."

Sasa nieleze habari ya uwanja, kwa sababu wengi mliisikia kwangu nami niliieleza vibaya. Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Hardy, mwenye timu ya hoki ya kulipwa. Hoki hii ni ya kwenye barafu: wanaume wamevaa viatu vyenye visu chini, wanagombea kisahani kigumu cha mpira kwa fimbo. Timu ilikuwa ikicheza pa kuazima, na Bwana Hardy alitaka ijengewe uwanja wake, mpya, wenye paa na viti vya maelfu ya watu, kwenye kiwanja cha jiji kando ya reli. Benki ilisema: tutakukopesha jiji likikupa kiwanja. Jiji likasema: tutakupa kiwanja tukiona sahihi ya benki. Mwaka mzima wa 1997 wakaambiana tangulia wewe, hapana, tangulia wewe.

Kilichowaogopesha wote wawili ni joto la Durban. Bwana Hardy akaulizia bandarini ni nani anayeijua barafu, akaelekezwa kwa Mkongo wa ghala la samaki. Ndivyo Pontien alivyoitwa mbele ya kamati ya jiji, Alhamisi tarehe 12 Februari 1998. Alitengeneza sinia la mbao lenye ukubwa wa mlango, akalitandika mabomba ndani, akawasha mtambo saa moja asubuhi. Saa nne wajumbe walipoingia wakitiririka jasho, barafu ilikuwa imeshika, nene kama kitabu cha dini. Mjumbe mmoja, mama wa Westville, akauliza, "Leo sawa. Na joto likizidi, siku zile mbaya kabisa za mwezi wa pili?"

Pontien akamjibu, "Mama, leo ni mwezi wa pili."

Watu wakacheka. Yule mama akavua viatu, akapanda juu ya barafu na soksi zake, akasema "Eish!" akashuka. Mimi huwa nasema aliteleza mpaka Morningside. Hakuteleza. Alishuka akapiga kura ya ndiyo. Kura zilikuwa tisa kwa nane, kiwanja kikapitishwa, kwa sharti kwamba benki iweke sahihi kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 27 Machi 1998. Ikipita saa hiyo, kiwanja kinarudi kwa jiji.

Siku ile Pontien alirudi nyumbani akanunua sahani ya pili. "Ya nani?" nikamuuliza. "Ya Constance. Patro Hardy amesema, uwanja ukijengwa, mimi njo mukubwa wa barafu, na kazi ya kudumu, na karatasi ya kuleta bibi na mtoto." Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kile kiwanja kando ya reli, majani yamefika kiunoni, akakipima kwa hatua: sitini kwenda, thelathini kukata. Hakuwa na wa kumwonyesha. Alipima, akarudi.

Ngoja sasa. Hapa ndipo penye kosa langu.

Jumatatu tarehe 23 Machi ghala lilimtuma Richards Bay kutengeneza mitambo, kazi ya siku tano. Hakuwa na simu ya mkononi. Siku hiyo hiyo benki ikamwambia Bwana Hardy: hasara yote ya uwanja huu itatokana na barafu, tunataka jina na sahihi ya mtu wa barafu ndani ya faili, la sivyo hatusaini. Jumanne tarehe 24, saa tano asubuhi, watu wawili wenye tai walipita saluni kwa Huguette wakimuulizia Pontien. Huguette akakatisha njia za nyuma akafika kabla ya gari lao, anahema:

"Yaya Kidawa! Banamutafuta Papa Pontien! Banataka kumukamata ku kazi!"

Kwao Kongo kumkamata mtu kazini ni kumwajiri. Kwetu Kigoma ni kumtia pingu. Huguette alikuwa anatweta kwa furaha. Mimi niliona anatweta kwa hofu. Na karatasi ya ukimbizi ya Pontien nilijua imebakiza wiki moja. Nikamwambia Huguette aingie ndani afunge mdomo, nikajifunga kanga kichwani, nikatoka getini nikiwa nimeshaanza kulia. Kulia sijafundishwa na mtu.

Gari likasimama. Wakauliza kwa adabu. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha sokoni: Pontien amekufa. Kifua. Tumezika juzi. Wakatazamana. Mmoja alikuwa na faili, akalishusha. "Amezikwa wapi?" Nikanyoosha mkono kule kwenye makaburi yote ya dunia. Wakaondoka kwa sauti ndogo, nami nikaingia ndani nikajipongeza kwa chai.

"Umewaambia nini?" Huguette akauliza.

"Kwamba amekufa. Mfu hakamatwi."

Huguette akashika kichwa. "Yaya! Banataka kumupa kazi!"

Tulikimbia mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, gari limeshapotea. Tulikwenda ghalani, wakasema laini ya simu ya Richards Bay imekatika. Kwa Bwana Hardy hatukupajua. Tulijua sura, hatukujua mlango. Alhamisi lilikuja shada la maua meupe, limesukwa kwa mfano wa fimbo ya hoki, na jina la Bwana Hardy juu yake.

Pontien alirudi Jumamosi tarehe 28. Alilikuta shada mlangoni, akasoma.

"Yaya, nani amekufa?"

"Wewe."

Sijawahi kuona mtu anacheka namna ile. Alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka nilipomaliza kumweleza yote. Hapo akauliza leo ni tarehe ngapi, ingawa alikuwa anajua.

Jumatatu alikwenda kujionyesha. Bwana Hardy alimshika mabega, lakini faili lilikuwa limefungwa Ijumaa saa kumi. Kiwanja kikarudi jijini, benki ikasema hairudii, na mwezi wa nane timu ikahamia Johannesburg. Pontien akarudi kwa samaki wake.

Na uongo wangu haukukaa Glenwood. Wafanyabiashara wetu waliubeba, ukapanda mpaka Kigoma, ukavuka ziwa. Mwezi wa tano Constance aliweka matanga Uvira, akanyoa nywele, Coletha pia. Barua ya shemeji yake Pontien, Pierre-Claver, ya kutoa habari za msiba, ilitufikia mwezi wa saba, na aliyeisoma ni marehemu mwenyewe. Alituma picha yake kuonyesha yuko hai, na barua yenye kisa chote, hata Jumamosi aliyorudi akalikuta shada. Jibu la Constance lilikuja Desemba, la mistari miwili: "Nimekuona. Umekonda. Mwambie yule mama asikuzike tena." Alinisomea, akalikunja, akalitia katika soksi ile ya cheti.

Nilimwomba msamaha mara moja tu, Jumapili moja ya Januari mwaka huu, aliponiruhusu tufuatane kule kiwanjani. Alipima hatua zake, akaonyesha: "Huku mulango. Huku mashini. Pale fasi ya Constance kukaa, mbali na barafu, hapendi baridi." Nikasema, "Ndugu yangu, nimekuharibia maisha." Alinitazama chini miguuni, akasema, "Toka pale, Yaya, uko juu ya barafu. Utaanguka." Nami nikatoka, nikanyanyua miguu kwenye majani makavu kama mtu anayetembea juu ya yai. Msamaha mwingine sikupewa, na sikuudai.

Kifua kilimwanza mwezi wa tano. Alikohoa akaenda kazini, akakohoa akarudi. Alilazwa tarehe 19 Agosti, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Watu wa vitanda vingine walikuwa na wageni. Yeye alikuwa na mimi, na Huguette siku ambazo saluni haina wateja. Alikufa Jumapili tarehe 5 Septemba 1999, saa tisa na dakika kumi alasiri. Neno la mwisho la kupendeza ningeweza kulitunga hapa, nanyi mngelia. Hakusema kitu. Alikuwa amelala, akaacha kupumua. Mochwari waliponiuliza mimi ni nani wake, nilisema yaya, na nikawaeleza maana yake.

Jumatatu nilipiga simu Bujumbura, duka la Pierre-Claver, Constance yuko huko sasa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama, ulishamuzika. Ngojea Jumamosi, atarudi." Akakata. Nimepiga mara tatu, hapokei.

Marehemu ameacha mke, Constance, mtoto mmoja, Coletha, mwenye miaka kumi na minne, shemeji, Pierre-Claver, na dada mmoja wa kupewa. Waliomwona ndani ya jeneza kabla halijafungwa ni Mchungaji Salvator, aliyemwombea, na Huguette, aliyemkata nywele. Wote wawili wataweka sahihi chini ya karatasi hii. Mimi nimemwona pia, lakini mimi usinihesabu.

Wifi yangu Constance, leo ni Jumamosi, na Pontien hatarudi. Mungu amlaze pasipo baridi. Nakusihi, safari hii lia.