Kwa Hiari Yangu

Benchi la Fundi Viatu linatazamana uso kwa uso na ofisi ya Mfuko wa Mafao, katikati ni barabara tu, na kwa sababu hiyo wanaokaa pale wanajihesabu kuwa mabingwa wa mafao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia mle ndani. Wanachojua wamekijua kwa kuangalia sura za wanaotoka: huyu kapewa, yule kanyimwa, yule kaambiwa arudi wiki ijayo. Wameangalia miaka na miaka, wakinywa kahawa chungu ya birika la Fundi, mpaka elimu imewajaa, na mwenye shida akipita hapo haondoki bila ushauri, autake asiutake. Asubuhi ile mwenye shida alikuwa mwenzao, Randa, seremala wa kiwanda cha samani. Alikaa, akasimama, akakaa tena, mkono wa kulia mfukoni. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Randa hakufukuzwa kazi wala hakupunguzwa. Aliacha mwenyewe. Sasa alikuwa anaomba fao la mtu asiye na ajira, na mhudumu wa simu alikuwa amemweleza vizuri tu: aliyeacha mwenyewe kwa kawaida halipwi, ila kama ana sababu ya maana, aje aieleze. Leo ndiyo siku ya kueleza. Akikataliwa, hana njia nyingine, maana bosi alikwishatuma salamu kwamba nafasi yake ipo, Jumatatu aje. Hiyo Jumatatu ndiyo iliyomnyima usingizi. Kila akifumba macho aliuona ule msumeno wa umeme wa kiwandani unazunguka.

— Kilichokuponza ni ile hotuba, alisema Wakili.

Wakili si wakili. Aliwahi kutoa ushahidi katika kesi ya baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo watu hawajapumzika.

— Hotuba mlinitungia nyinyi, Randa alisema.

— Sisi tulitunga maneno. Kuyasema ulisema wewe.

Na kweli walimtungia. Siku alipowaambia anaacha kazi, walimjia juu: mwanamume haondoki kimyakimya, watu watasema katimuliwa. Kwa hiyo akaazima tai, akawanunulia wenzake wa kiwandani soda, akapanda juu ya rundo la mbao na kusema aliyofundishwa. Msimamizi akamrekodi kwa simu. Ile video ilizunguka mji mzima, na leo ilikuwa ndani ya simu ya Antena, mlinzi mstaafu ambaye habari humfikia kabla haijatokea.

— Hebu tuione tena, Antena alisema.

— Usiiwashe, bwana.

Alikuwa ameshaiwasha. Sauti ya Randa ikatoka, nene, ya mtu aliyeshiba: “Naondoka kwa hiari yangu, kwa moyo mkunjufu, na sina kinyongo na mtu.” Makofi yakafuata.

— Tai ilikukaa, alisema Fundi, sindano mdomoni.

Randa aligeuka kutazama ng'ambo. Mlinzi wa ofisi alitoa kichwa mlangoni, akaita mtu. Randa akainuka. Si yeye. Akakaa.

— Sikiliza, Wakili alisema. Tunakana. Yule wa kwenye video si wewe, ni pacha wako.

— Sina pacha.

— Wao wanajua?

— Mama yangu anajua.

— Mama hawatamwita. Kesi ya baiskeli walikuwa na mashahidi chungu nzima na mama wa mtu hakuitwa.

— Achana na pacha, Antena alidakia. Mimi nimekaa hapa nimechunguza. Wanaoingia wanachechemea, wote hutoka wanacheka. Huo ndio utaratibu wao, anayechechemea hawamuulizi maswali.

— Yule wa juzi alichechemea kwa sababu kisigino cha kiatu kilimtoka, Fundi alisema. Mimi ndiye niliyemgongea.

— Lakini alipewa, hakupewa?

— Alipewa.

— Basi. Randa, hebu tembea tuone.

Inatia aibu kusema, lakini Randa alitembea. Mtu akibanwa hufanya mambo ambayo siku nyingine angemcheka mwenzake. Alikwenda hadi kwenye nguzo ya taa na kurudi akivuta mguu, na watu wawili waliokuwa wakipita walimpisha kwa huruma.

— Umebadilisha mguu, Antena alisema. Ulikwenda na wa kushoto, umerudi na wa kulia.

— Basi mimi nitasema nini? Nipeni sababu ya maana, jamani. Nitaitwa sasa hivi.

— Sema unasahau, Wakili alisema. Mgonjwa wa kusahau. Wakikuuliza kwa nini uliacha kazi, uliza: kazi gani?

— Na nikisahau kazi, nimekumbukaje kuja kuomba fao?

Hapo Wakili alikohoa kidogo, akaomba aongezewe kahawa. Antena alimsogezea Randa kichwa, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali.

— Wajane. Umewahi kuona mjane anakaa mle ndani muda mrefu? Shemeji aje, avae nguo nyeusi, aseme umefariki. Marehemu haulizwi aliacha kazi kwa nini.

— Na mimi nitakuwa wapi?

— Hapahapa na sisi. Ila usivuke barabara.

Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Randa hakucheka. Mkewe asubuhi alimnyooshea kola ya shati, akamwambia aende akaseme ukweli wake, na yeye akaitikia ndiyo, ilhali ukweli wenyewe hata mkewe hakuwahi kuambiwa. Kwa mkewe alisema anataka kufungua karakana yake mwenyewe. Benchini alisema hivyohivyo, kisha siku nyingine akasema bosi hana adabu, na watu wakachukua walilolipenda. Ile ya kweli aliionea haya. Alikuwa ameifukia chini kabisa.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja aliyekatikiwa na ukanda wa kiatu njiani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine ameuweka juu ya kipande cha boksi, akisubiri Fundi amalize. Muda wote huo alikuwa akiwasikiliza.

— Samahanini, kaka zangu, alisema. Kwani yeye aliacha kazi kwa nini?

— Anafungua karakana, Antena alijibu.

— Iko wapi?

Antena alimtazama Wakili.

— Bosi alimvunjia heshima, Wakili alisema.

— Si nimemsikia kwenye simu anasema hana kinyongo na mtu?

Ikawa wazi kwamba mwezi mzima wamemtungia mtu sababu, na hakuna aliyemuuliza yake. Wote wakamgeukia Randa.

— Niliogopa, Randa alisema.

— Uliogopa nini?

— Msumeno. Bosi aliung'oa kifuniko chake, maana bila kifuniko mbao nene zinapita haraka. Nikamwomba akirudishe, akanicheka mbele ya watu. Nikamwomba tena. Halafu mwenzangu tunayefanya naye meza moja ukampitia, vidole viwili. Mimi ndiye niliyeviokota kwenye vumbi la mbao, nikavifunga kwenye shati langu tukakimbia hospitali. Havikushika. Na kesho yake tukaambiwa turudi mezani, kifuniko bado hakipo. Tangu hapo mkono wangu hautulii.

Aliutoa wa kulia mfukoni, akaunyoosha. Ulikuwa unatetemeka, kidogo tu, ila bila kukoma. Antena alizima simu.

— Pole, dada alisema.

Wakili ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini safari hii, kwa sababu alimpenda Randa na alitaka kumsaidia.

— Ndugu yangu, hilo usiliseme mle ndani. Mtu mzima na ndevu zako, usimame mbele ya watu useme uliogopa. Haifai.

Mlinzi alitoa kichwa mlangoni na kuita jina la Randa, lile la kwenye kitambulisho, ambalo benchini halijawahi kutumika. Randa akainuka, akasubiri gari moja lipite, akavuka bila kuchechemea mguu wowote, mkono wake wa kulia nje ya mfuko.

— Kwa nini asiseme? dada aliuliza.

Wakili alitazama ndani ya kikombe chake. Antena alimtazama Fundi, na Fundi akainamia kiatu. Ng'ambo ya barabara mlango ulifungwa, na yule dada alikuwa bado anasubiri wamjibu.