Mama Kiilu Aliyesimama Laini ya Wageni

Jumatano tarehe 31 Julai 1996, saa kumi na moja jioni, ofisi yetu ya ushauri hapa Mwingi inampoteza Ndila Mutie, Mama Kiilu, baada ya miaka ishirini na minane. Anastaafu na kurudi shambani kwake Kabati. Si mbali, lakini kwa mtu anayengoja kitambulisho ni mbali sana.

Aliajiriwa 1968 kupiga taipu na kugawa mahindi ya msaada. Taipu ilimshinda. Barua ya kwanza aliyoniandikia ilisema nimezaliwa Tseikuru mwaka 1847. Mimi Duale, mweka hazina wenu, wakati huo nilikuwa kijana wa kuuza chai kwa birika kwenye malori. Mpaka leo ananiamkia kama babu yake.

Mwaka 1991 ofisi moja ya usajili wa vitambulisho ilikuwa na laini mbili. Ya wenyeji ilichukua dakika kumi. Yetu sisi wa asili ya Kisomali, hata tuliozaliwa hapa hapa, ilichukua siku nne, na bado unaulizwa cheti cha babu. Mimi nilipimwa Kikamba. Nilijibu mpaka karani akacheka, kisha akaandika kwamba nimejifunza tu, si lugha ya nyumbani.

Mama Kiilu hakupiga kelele. Alienda kwa mwethya wake, kina mama wanaochimbiana matuta kwa zamu, akaomba siku yake ya zamu wailime laini badala ya shamba. Siku ya soko wakaja thelathini na sita, vyondo mgongoni. Wakaipita laini fupi ikiwa tupu, wakasimama nyuma ya Arbaco, mama wa watoto watano aliyekuwa na siku tatu pale. Karani akawaita wenyeji mara tatu, hakuna aliyesogea. Akauliza wanataka nini hasa.

"Tunangoja zamu yetu, mwanangu," Mama Kiilu akamwambia. "Aliye mbele yetu ni Arbaco."

Saa nane Arbaco alikuwa amemaliza. Wiki iliyofuata laini ikawa moja.

Na kwa kuwa mwethya hulipwa kwa mwethya, Arbaco na wenzake kumi na wanane wakaenda Kabati kuchimba. Alikuwa hajawahi kushika jembe. Tuta lake lilipinda, na Muthoki wa mwethya ule, mwenye shamba, amekataa katakata linyooshwe. Linashika maji vizuri tu.

Desturi nyingine ya Mama Kiilu mnaijua: akinyimwa, haondoki mpaka kukataa kwenyewe kuandikwe, apate cha kukatia rufaa. Ndiyo maana kati ya maombi 612, watu 571 wana vitambulisho mfukoni. Wamebaki 41.

Mama Kiilu, asante. Mvua ikukute umeshapanda, na magoti yako yapumzike. Yamesimama kwa ajili yetu vya kutosha.

Sasa nyinyi wa kamati. Nasikia nafasi yake haitajazwa. Hao 41 wanauliza ni nani atakaa kwenye kile kiti, na kina mama wa Kabati wameshaniuliza waje siku gani. Tupeni jina, au mkatae kwa maandishi, kabla ya Ijumaa tarehe 9 Agosti, saa sita mchana.