Mzee Mayunga, Laini ya Seva na Ng'ombe wa Nkololo

Baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi, Mzee Mayunga Mboje, fundi mkuu wa mtandao, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa niandike mazuri yake. Nitajitahidi, ingawa bado nina hasira naye.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama karani wa mizani. Kompyuta ya kwanza ilipofika, yeye peke yake ndiye aliyesoma kitabu cha maelekezo, na tangu hapo hatukumpumzisha. Ndiye aliyetuunganisha na seva za mbali kwa laini maalum, na ndani ya laini hiyo moja akatengeneza intafesi pepe tano, yaani njia tano zinazojitegemea kana kwamba kila moja ina waya wake: ya mizani, ya maghala, ya ofisi na kadhalika. Kila intafesi ina namba, na ni lazima ifanane huku kwetu na kule kwenye seva. Kazi safi kabisa.

Sasa njoo kwenye majina! Aliziita zote kwa majina ya ng'ombe wake wa Nkololo. Ng'ombe akiondoka zizini, Mzee anabadilisha jina kwenye mfumo, lakini kwenye daftari la kumbukumbu haligusi. Mimi Generoza, ninayerithi kiti chake, nimepoteza wiki mbili nikimtafuta kwenye mfumo ng'ombe aliyetolewa mahari mwaka juzi.

Mwezi Mei, siku ya kufungua msimu, intafesi mpya ya kituo cha Dutwa, niliyoitengeneza mwenyewe, ilikataa kuwaka. Wakulima wamepanga foleni na pamba yao, hakuna gunia linalopimwa, Mzee yuko likizo na simu kaizima. Nilimsema vibaya kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Namuomba radhi kwa yale ya Kisukuma tu. Nikaketi, nikalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu. Huku 214, kule niliandika 241. Saa nne mizani ikasoma.

Aliporudi alinipa “Mwangaluka” yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akauliza habari za nyumbani, za mvua na za watoto, ndipo akakiri kwamba simu aliizima makusudi. Angeipokea siku ile, alisema, ningempigia kila msimu mpaka azikwe. Nilikasirika sana, kwa sababu ni kweli.

Juzi nimekuta daftari limesahihishwa lote kwa kalamu nyekundu. Intafesi ya Dutwa imeandikwa Generoza. Nilijisikia vizuri mpaka aliponieleza kuwa ni ndama jike aliyezaliwa wiki ile.

Asante, Mzee wetu. Kaishi vyema Nkololo, na simu washa, hatutauliza kazi. Ila Generoza usimtoe mahari.