Mwanya Chini ya Mabati

Kabla sijasema lolote, ndugu zangu, naomba mama aliyeketi karibu na lile dirisha la nyuma alifungue kidogo. Najua Kiogoro leo kuna baridi. Nivumilieni. Nikimaliza, anayetaka atalifunga.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kukosa karo, bali kwa sababu sikujua kuketi. Nilitaka kujua kila kitu, lakini nikiwa nimesimama. Nimechimba mawe Keroka, nimevuta nyaya za stima Sotik, nimejifunza useremala Kericho kwa mzee aliyenifukuza kwa kuwa niliifungua saa yake ya ukutani ili nione kinachosukuma mishale. Nikiona kitu nisichokielewa sipati usingizi. Likumbukeni hilo, maana liko jambo moja nililokataa kulielewa, na ndilo lililonisimamisha hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kwetu Ikonge nikiwa na ujuzi wa kupiga dari. Mama alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya udongo. Mnazijua nyumba zetu: juu ya ukuta, chini ya mabati, kuna mwanya ambao mkono unapita. Upepo wa kwenye majani chai ulikuwa unaingia pale na kumkalia mama kifuani. Alikuwa anakohoa mpaka anashika mlango. Nikasema, mama hatakufa kwa baridi na mimi ni fundi.

Nilichanganya udongo na saruji, nikauziba mwanya wote. Nikapiga dari la mbao. Mlangoni nikagongomea kipande cha mpira chini, hata upepo usipenye. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akasema, "Sasa hata panya akitaka kuingia atabisha hodi!" Mama alicheka, akaniambia, "Mwanangu, umeniweka ndani ya chupa ya chai." Alisema hivyo kwa furaha.

Nawaambia, ilikuwa kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa fundi mbaya, mama angekuwa hai.

Nani hapa hajawahi kuingiza jiko la makaa chumbani msimu wa baridi? Msinyooshe mikono, nawaona. Mama alifanya hivyo maisha yake yote na hakupata neno. Lakini baada ya dari akaanza kuamka na kichwa kinamuuma. Alikuwa anakwenda kuchuma majani chai, na kufikia saa nne kichwa kimepoa. Kesho yake tena. Nilimnunulia dawa ya maumivu. Mara tatu nilimnunulia, na mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuuliza.

Mama alikuwa na rafiki, mong'ina mmoja, bibi mzee mjane, jirani yetu. Kila asubuhi alipita kumwita waende shambani pamoja. Siku hiyo aliita, hakuitikiwa. Akasukuma mlango, akaingia. Alikaa ndani kidogo, akijaribu kumwamsha, kisha akatoka akiyumba, ameshika kichwa, akaanguka kwenye nyasi. Mimi nilikuwa natoka kwenye kibanda changu. Nilimwona anaanguka. Nilipoingia nilimkuta mama amelala ubavu kama mtu anayesubiri kuamshwa, na jiko liko pembeni mwa kitanda. Nililitoa nje. Sikujiuliza kwa nini nalitoa haraka vile.

Mwili hatukuupeleka kupimwa. Tulisema mama yetu si wa kupasuliwa. Na hata kabla ya mazishi maneno yalikuwa yameanza: mbona yule mong'ina aliingia peke yake? Mbona alianguka alipotoka? Si jana yake alimletea mama uji wa wimbi? Dada yangu, ambaye alikuwa anamlilia mama mpaka sauti imekauka, ndiye aliyelisema wazi mbele ya watu: "Ni yeye. Ndiye mchawi aliyemla mama."

Na mimi nikanyamaza.

Kwetu neno kama hilo likishatoka haliokotwi. Mong'ina alikatazwa kufika kaburini. Watu wakaacha kuteka maji akiwa kisimani. Siku moja tukakuta ua wake umekatwa na migomba imelazwa chini. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamia Birongo kwa binti yake, na nyumba yake imefungwa kwa waya. Mimi nilikwenda zangu. Niliwaambia watu natafuta kazi. Nilikuwa nakimbia jiko lile.

Nililala kwa watu, nikanywa vya watu, nikagombana kila mahali. Miaka miwili hivyo. Mwishowe nikapata kibarua mjini Kisii, kupaka rangi ukumbi mmoja, na chumba cha pili kulikuwa na mafunzo. Watu wa hospitali, wa shule na wa majengo walikuwa wanasomea hewa ya ndani: jinsi ya kuipima, jinsi ya kujua nyumba inapumua au haipumui, ili wapewe cheti cha kazi hiyo. Aliyefundisha alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa mjini, ambaye watu wake wana duka la vitambaa. Mlango ulikuwa wazi. Nilipaka ukuta mmoja mara nne ili nisikie.

Alikuwa ameshika kifaa kidogo kama simu. Akasema makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. "Mtu haoni moshi, kwa hiyo anadhani yuko salama. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma asubuhi, halafu kinapoa akitoka nje. Na mara nyingi anayeingia kumwokoa naye huanguka."

Brashi ilinitoka mkononi. Mwalimu akageuka. "Fundi, kuna nini?"

Nikauliza, "Mwalimu, na kama kuna mwanya chini ya mabati?"

"Hewa ingepita."

"Na huyo mtu?"

Akanitazama vizuri. "Huenda angeamka," akasema.

Niliketi pale pale sakafuni, na rangi yangu, mbele ya watu waliovaa suti. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia mama yangu.

Mwalimu hakuniuliza mengi. Aliniambia, "Kesho njoo uketi ndani, usisimame mlangoni." Wengine walinung'unika kwamba sina cheti cha sekondari. Akawajibu, "Ameuliza swali moja kushinda yenu yote ya wiki hii. Atafanya mtihani kama ninyi, akianguka ameanguka." Nikaanguka kweli. Nilikesha na kamusi, nikarudia, nikafaulu. Siku ya kupewa cheti wenzangu walipiga picha na jamaa zao. Mimi nilikikunja cheti kile nikakitia kifuani, maana nilijua mtihani wenyewe uko Ikonge.

Niliwaita watu wa ukoo nyumbani kwa mama. Mwalimu aliniazima kifaa. Niliwasha jiko, nikaliweka chumbani kwake, nikafunga mlango, na kifaa nikakiegemeza dirishani ndani ya kioo ili wote waone. Namba zikapanda. Halafu kikaanza kulia, kile kilio chake chembamba. Nikasema, "Mwanya ule niliuziba mimi. Mong'ina hakumla mtu."

Dada yangu akauliza, "Umejua lini?"

"Tangu mafunzo."

"Na kabla ya hapo?"

Ndugu zangu, ningeweza kudanganya. Nikasema, "Kabla ya hapo nilishuku. Nililitoa jiko nje kabla hamjafika."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliingia shambani akaketi katikati ya majani chai mpaka mvua ikaja. Aliporudi alisema neno moja tu: "Twende Birongo."

Tulimkuta mong'ina anapepeta wimbi. Amezeeka haraka. Dada alipiga magoti, mimi pia. Nilieleza yote. Alisikiliza bila kuacha kupepeta, kisha akaweka ungo chini.

"Yule alikuwa rafiki yangu," akasema. "Mlisema nimemuua, hilo ni la midomo yenu. Lakini hamkuniachia hata nafasi ya kumlilia."

Tulimleta kaburini. Alilia kilio cha siku ya kwanza, kile cha kuita jina, miaka yote hiyo ikiwa imepita. Dada alimshika. Jioni tulimwomba abaki, tumjengee ua upya. Akakataa. Alirudi Birongo, na huko yuko. Kati ya mama na rafiki yake, sikumrudisha nyumbani hata mmoja.

Namshukuru mwalimu yule, aliyenikalisha. Namshukuru dada yangu, ambaye bado tunajifunza kutazamana. Siku hizi naalikwa kupima shule na mabweni, na kila nyumba ninayoingia ninaangalia juu kwanza. Dari la mama nililing'oa mwenyewe.

Ninachowaomba ni kidogo. Jiko libaki nje, na mwanya muuache, hata ukileta baridi. Na anayejua jambo ambalo mwingine anateswa kwa ajili yake, alitoe leo, kwa sababu kunyamaza nako huziba nyumba.

Nimemaliza. Mama uliye dirishani, ukiona baridi imezidi, unaweza kulifunga. Ila naona umeliacha wazi. Asante.