Micah arap Kosgei na Beji Aliyoivaa Kanisani

Micah arap Kosgei, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 7 Machi 1959, alizaliwa hapa Elburgon tarehe 12 Juni 1929. Alikuwa kifungua mimba wa Mama Jepkorir na marehemu baba yetu, mpasua mbao. Mimi ninayesoma ni mdogo wake.

Alisoma shule ya misheni, akamaliza sekondari mwaka 1949. Alipenda kupima kila kitu: mvua, maziwa, hata kivuli cha mwalimu mkuu, na kwa hicho kivuli alichapwa.

Mwaka 1950 aliajiriwa msaidizi katika maabara ya serikali, Nakuru. Tarehe 24 Aprili 1954 alimwoa Cheptanui, wakajaliwa binti, Chepkemei.

Mwaka 1956 alichaguliwa kwenda Uingereza, mafunzo ya mwaka mmoja katika kituo cha serikali cha sayansi ya atomiki. Aliahidiwa utafiti. Tulichinja dume. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Micah alipewa lake siku aliyofika. Aliosha chupa zilizotoka vyumba vya mionzi, mwaka mzima.

Huko kila mfanyakazi hupewa beji yenye filamu ndani, ya kupima mionzi inayompata. Micah hakuelezwa. Alidhani ni heshima ya serikali, na kwetu kitu cha heshima hakivaliwi kazini. Aliporudi alimwambia mama kwa fahari, "Mama, singeweza kuvaa kitu kama hiyo nikiosha chupa. Nilikuwa naweka kwa sanduku, navaa Jumapili kanisani." Kila mwezi waliikusanya, wakaikuta safi, wakaandika safi. Mwosha chupa ana beji safi kuliko ya karani, na hakuna aliyeuliza! Mchungaji anisamehe, jambo hili linanitia kichefuchefu.

Agosti mwaka jana fizi zake zilianza kutoka damu. Daktari alisema ni saratani ya damu. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Machi, katika hospitali ya Nakuru, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Juzi Alhamisi ofisa wa serikali alileta karatasi mbili kutoka kituo kile. Ya kwanza ilimtaka Cheptanui atie sahihi kwamba kituo hakihusiki na kifo hiki.

"Beji yake ilikuwa safi, mama," alisema. "Hiyo ndiyo inapima. Hakupata mionzi hata kidogo."

Ndipo tukajua beji ilikuwa ya nini.

"Chupa za kuosha mlimwonyesha," Cheptanui akamwambia. "Hii beji mlishindwa kumwonyesha vile inavaliwa?"

Ofisa aliangalia kofia yake, kisha akanipa karatasi ya pili. Ilikuwa fomu ya nafasi ileile ya mafunzo, na jina langu lilikuwa limeshapigwa chapa. Kaburi la ndugu yangu lilikuwa bado halijachimbwa. Watu hawa hawana haya!

Micah amemwacha mama yetu Jepkorir, mjane wake Cheptanui, binti yake Chepkemei mwenye miaka mitatu, na mimi.

Lala kwa amani, ndugu yangu. Karatasi zote mbili tumezirudisha bila sahihi.