Hatua Sita Kutoka Benchi Letu

Sisi wa benchi la uwanja wa San Jacinto hatujawahi kukosa jibu. Mradi Doña Chole atie mdalasini na sukari guru kwenye chungu chake cha kahawa, tunajua kwa nini mvua imechelewa na padri kamnunia nani. Tuko watatu: Wakili, ambaye ofisi ya sheria aliifagia tu, Pengo, aliyepoteza meno mawili lakini neno hajapoteza hata moja, na mimi Evelio, kinyozi. Miezi minane iliyopita, siku ya soko, saa nne asubuhi, gari la wanajeshi waliotumwa kuwasaka wauza unga lilisimama mbele yetu na kumchukua Nabor, fundi wa pampu za maji. Hajaonekana tena. Tangu hapo tumemjadili kila siku, na naona haya kusema kwamba tulikuwa tunafurahia.

— Yule alikuwa na mambo yake, — alianza Pengo juzi asubuhi. — Fundi pampu, simu mpya? Lisemwalo lipo.

— Limesemwa na nani? — nikauliza.

— Si mimi hapa!

— Acha zako. Pampu za mji mzima zilikuwa mbovu, atakosaje hela ya simu?

— Haya, Don Evelio, tupe ya kwako.

— Yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Kapata mwanamke, kasahau kwao.

Hiyo nilikuwa naisema kila wiki, kwa sababu bila hiyo nisingepata usingizi.

— Alivuka mpaka na pingu? — Wakili akanicheka. — Nyie sheria hamjui. Jeshi limemwajiri kwa siri. Pampu za kambi zilikufa zote. Jamaa anakula nyama kila siku, sisi tunamlilia bure. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Wanajeshi wageni, sisi wenyeji. Tumepona.

— Kapona nani? — Doña Chole akadakia, mwiko mkononi. — Tangu waje hao tumezika wangapi?

— Mama, mimina kahawa, siasa tuachie.

Pengo akasogea mbele. Hapo nikajua linakuja kubwa.

— Kambi gani? Wauza unga wamemnunua kutoka kwa wanajeshi haohao. Wanaunda nyambizi, bwana, ya kupitisha mzigo chini ya bahari. Injini nani afunge? Nabor! Saa hizi yuko chini ya maji, anapunga mkono kwa samaki.

— Nabor hata kuogelea hajui.

— Ndani ya nyambizi unaogelea nini, mshamba wewe?

Tukacheka mpaka Wakili akajimwagia kahawa. Tulikuwa bado tunacheka kina mama walipoingia uwanjani.

Walikuwa kama ishirini, kila mmoja na picha ya ndugu yake aliyepotea kifuani. Msafara wao ulikuwa unakwenda Jiji la Mexico kudai sheria ya kuwarudisha wanajeshi kambini. Njiani walisimama kila mji kutafuta watu wao: wanapiga nondo ardhini kwa nyundo, wanaichomoa, wananusa ncha kama ina harufu ya maiti. Kati yao alikuwa Hermelinda, mama yake Nabor. Ni comadre wangu, maana mimi ndiye niliyemshika mwanawe siku ya ubatizo. Mimi ndiye padrino wa Nabor, baba yake wa pili mbele ya kanisa. Kwa miezi minane nilikuwa nikimwona Hermelinda navuka barabara.

Aliongozana na mgeni mwenye buti za matope, akajitambulisha kwa jina la Otilia. Mwenyewe alikuwa anamtafuta kaka yake.

— Habari za asubuhi, mabwana. Jana tumepata maiti wanne kule mlimani. Maabara ya kupima vinasaba ina foleni ya miaka miwili, ila tukiitambua nguo, mtu anarudi kwao mapema. Chumba cha Nabor kilipekuliwa, wanajeshi wakabeba kila kitu, kwa hiyo mama yake hana pa kuanzia. Nyinyi ndio mliomwona mwisho. Alivaa nini?

— Shati la bluu, — Wakili akasema haraka.

— Jeupe, — akasema Pengo.

— Bluu, bwana wee!

— Hivi wewe ulitazama?

Otilia alikuwa bado ameshika kalamu.

— Mlikuwa mbali?

— Hatua sita, — Doña Chole akasema. — Mimi niliinamia chungu changu.

— Tuliinama sote, bibi, — nikasema. — Lile gari liliposimama, kila mtu alitazama kikombe chake mpaka lilipoondoka.

Pengo alivua kofia akaipakata. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia maishani. Otilia hakutukemea. Aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, akatushukuru kwa muda wetu. Heri angetutukana.

Hermelinda hakuondoka naye. Akakaa kwenye benchi, ubavuni mwangu.

— Kuona hamkuona, compadre. Kusikia je? Alisema lolote?

Pengo alinitazama kwa kunisihi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri, na comadre angeuamini.

— Aliita, comadre.

— Alimwita nani?

— Mimi. Aliita "padrino". Mara mbili.

Akaigeuza ile picha kifuani ikanielekea.

— Nawe ukamjibu nini?