Programu Iliyomkaripia Mama Mkwe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Maji, wakuu wa vitengo, mafundi bomba na wasoma mita, wazazi wangu wa mtaa wa majaribio, ndugu wageni waalikwa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze jinsi nilivyoitengeneza programu hii ya simu. Vipeperushi mnavyo mikononi, na sifa zake zote zimo humo. Mimi nitasema kisichoandikwa.

Toleo la kwanza lilihesabu maji yanayopita kwenye mita, na nyumba ikizidisha, simu ya mwenye nyumba ilipata onyo. Nilianza kwa wakwe zangu, maana nani mwingine angenikubalia? Mtaani kwao maji hutoka mara mbili kwa wiki. Ninakoishi mimi hutoka kila siku, na hilo sikulifikiria hata kidogo.

Siku ya maji mama mkwe akajaza mapipa mawili, ndoo, sufuria, hadi beseni la kufulia. Simu ikalia: "Umetumia maji kupita kiasi. Tafadhali jirekebishe." Jamani, ni mkwe gani mwenye akili timamu humwambia mama mkwe ajirekebishe? Maneno hayo niliyaandika kwa vidole vyangu hivi.

Naye akajirekebisha. Siku ya maji iliyofuata alijaza pipa moja tu, akafunga bomba. Baba mkwe yuko kitandani, hawezi kuinuka, na shuka zake hubadilishwa mara tatu kwa siku. Kesho yake mchana nilimkuta mzee amelalia shuka mbichi, na mke wangu yuko kwa majirani na dumu, anaomba maji.

"Mama, mbona hamkujaza?"

"Simu yako ilisema nimezidi, baba. Nikasema wewe ndiye msomi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinipeleka uani, akanionyesha mistari aliyoichora ndani ya pipa kwa rangi ya kucha: huu wa kupikia, huu wa kufulia, na huu wa chini kabisa wa mgonjwa, usiguswe. Miaka minne ya chuo haikunifundisha hesabu hiyo. Programu tunayoizindua leo imeifuata: kila jioni unabonyeza mstari ambao maji yamefikia, na siku ya maji inakukumbusha kujaza, basi.

Mheshimiwa, uliniuliza pale mlangoni mama huyu yuko wapi, kwa kuwa mwaliko wake uliusaini mwenyewe. Nilimpigia asubuhi kumwambia gari liko njiani. Akanijibu, "Lirudishe, baba. Sherehe mmeiweka siku yetu ya maji, na mzee hajaoshwa."

Tarehe ya leo niliichagua mimi. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.